Kiondo cha Susu na Uzi wa Zambarau

Ndinda mwanangu,

Umetoka hapa saa saba na gauni lako la maua kwenda kuaga watu wa kanisa, na najua watakushika huko mpaka jua lichoke, kwa sababu kwaya itataka kukuimbia nyimbo zote inazojua na mchungaji wetu hajawahi kuomba kwa ufupi tangu azaliwe. Ni sawa. Ni mimi nimewaambia wakukawize. Nina kazi mbili hapa nyuma ya jikoni ambazo sitaki uzione kabla hazijaisha. Moja ni hii barua. Ya pili iko magotini.

Ya pili ni kiondo, na wewe unakijua. Ni kile kilichokuwa kinaning'inia jikoni juu ya pipa la maji, kile ulikuwa ukikitia kichwani ukiwa mdogo ukisema wewe ni askari na sisi wote tuko chini ya ulinzi. Leo kimebakisha vidole viwili kufika mdomoni. Nikimaliza mzunguko mmoja nakiweka chini, naandika kidogo, halafu narudi kwa mzunguko mwingine. Kwa hivyo ukiona maneno yameruka kama mbuzi, ujue hapo katikati nilikuwa nasuka.

Lazima kiishe kabla ya jua kuzama. Nyuzi za juu ni nyeusi na bluu ya kukolea, na kwa mwanga wa koroboi hizo mbili ni pacha, hata mama yao hawezi kuzitofautisha. Na kesho gari la Emali linapita hapa kabla kuku hawajashuka. Basi ni leo, au kiondo hiki kirudi juu ya pipa kikae miaka mingine ishirini, na wewe uende Mombasa na mfuko wa karatasi.

Habari za kula, kufua, kulala mapema na vijana wa kuogopa, shangazi yako amekupa tangu Jumapili, na zile hakukupa hazipo duniani. Mimi hizo nimeziruka. Tena usifikiri naandika kwa sababu siwezi kusema. Mimi! Mimi niliyebishana na askari wa stesheni ya Emali mpaka mwisho akanibebea mzigo! Lakini nikisema kwa mdomo nitaanza kuchekesha, utacheka, baba yako atatikisa kichwa, na neno lenyewe litapotea kwenye kicheko. Kwa karatasi siwezi kuona ukicheka. Na darasa la nne nililofika linatosha kwa barua. Ningefika la tano ningekuwa mbunge, na haya ungeyasoma kwa gazeti.

Ngoja nizungushe.

Haya. Nimefurahi jamani! Mtoto wangu, muuguzi! Nimefurahi mpaka mahindi ya muthokoi ya mchana yameungua na baba yako amekula bila neno, akidhani ndiyo mapishi ya sherehe. Asubuhi nimewaambia watu wawili kisimani kwamba unakwenda kuwa daktari. Wa tatu nikamwambia ukweli. Uone vile ninajitahidi.

Sasa wacha nianze na sifa, maana sifa ndizo nyepesi. Kutoka hapa mpaka Wote, na kutoka Wote mpaka Emali, hakuna mwanamke anayeanza kiondo kama mama yako. Kusuka wanajua wengi. Lakini ule mwanzo wenyewe, kile kitovu, zile nyuzi nane za kwanza zinazopishana ili zingine ziongezwe pole pole na chini kiwe duara, hapo wanawake wazima na wajukuu wao hushindwa. Kinapinda. Kinakuwa kama chapati ya mwanamume asiye na mke. Basi walikuwa wananiletea. Huyu na kuku, huyu na kibaba cha ndengu, namwanzia, anaenda kwake kumalizia. Nimeanza viondo nikitembea, mtungi kichwani, wewe mgongoni, na huku nagombana na mtu. Watalii walikuwa wakichungulia madirisha ya garimoshi pale Emali wanipige picha. Niko ukutani kwa watu Ulaya, mimi mama yako, na jina langu hawalijui. Hiyo ni shida yao.

Na nimetembea. Nimefika Nairobi, nimefika Voi, nimefika huko Mombasa unakokwenda, nikainama nikaonja bahari kwa kidole kwa sababu siamini mambo ya kuambiwa. Ni chumvi kweli.

Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nimemaliza vingapi.

Uliza mapao ya jikoni. Wewe umekua ukiyaona ukadhani kila jiko liko hivyo. Vitako vya viondo kumi na saba, nimevihesabu juzi, vingine vya upana wa sahani, vingine vimepanda shubiri moja vikakwama, vimejaa moshi, vinaning'inia kama popo. Siku mchungaji alipokuja mara ya kwanza kutuombea aliviangalia akasahau amefika wapi kwenye maombi. Baada ya amina akaniuliza, "Mama Ndinda, hizi ni kofia?"

Nikamwambia, "Ndiyo mchungaji, ni za malaika. Wakishuka watakuta ziko tayari."

Watu walicheka wiki nzima. Mimi pia nilicheka. Kumbe nilikuwa nacheka ili asiulize tena.

Nikuambie kwa nini vilikwama. Si uvivu, mimi si mvivu, mama yako akiwa mvivu basi punda naye ni mvivu. Ni kwamba kiondo kina mahali pa kuonekana na mahali pa kutoonekana. Ukianza, watu wanasimama kuangalia vidole. Ukimaliza, watu wanakishika, wanakigeuza, wanauliza umeuza. Lakini pale tumboni, kuanzia pale kinapoacha kulala na kuanza kusimama, mpaka karibu na mdomo, hapo ni mzunguko na mzunguko na mzunguko, sawasawa na wa jana, na hakuna mtu anayekuangalia. Hapo ndipo mimi nilikuwa nasikia habari ya uzi mpya. Kwanza ilikuwa rangi ya magome. Halafu tukaanza kufumua sweta kuukuu tukapata sufi nyekundu. Halafu ikaja nailoni, kijani hiyo, machungwa hiyo! Kila rangi ikiingia soko la Emali, vidole vyangu vinawasha kama vimegusa upupu. Nasema wacha nianze kidogo tu nione itakaa namna gani, hiki kingine nitakirudia Jumatatu. Ndinda, kuna Jumatatu zangu kwenye hayo mapao zina umri wa kuolewa.

Nazungusha.

Imebaki mizunguko saba.

Hiki cha magotini nilikianza mwaka ulipokuwa tumboni, Kenya huru yenyewe ikiwa bado inanuka maziwa. Hakikuwa chako. Kilikuwa cha susu yako wa Nuu, mama yangu mzazi, ambaye hukumjua. Alikuwa ametuma neno kwa watu waliotoka Kitui: kiondo chake kimechoka, na aliyemzaa mwanamke anayesifiwa mpaka stesheni hastahili kwenda shambani na kiondo kilichotiwa kiraka cha ngozi ya mbuzi. Nikasema mavuno yanayokuja ninakileta mwenyewe. Nikakianza kwa katani niliyosokota juu ya hili paja, nikaitia rangi ya magome. Kitako chake ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuanza. Kigeuze kesho ukiangalie, utaona sidanganyi.

Mavuno yakafika. Wewe ulikuwa umezaliwa, umekawia tumboni mpaka tukakuita Ndinda, ukakawia mgongoni pia maana ulikataa kutambaa. Nikasafiri nawe siku mbili mpaka Nuu. Na kiondo? Kilikuwa kimefika nusu. Lakini nilikuwa nimebeba vitako vitatu vipya vya sufi nyekundu niende kuwaonyesha watu wa kwetu maana sufi nyekundu walikuwa hawajaiona.

Susu akatoka akanipokea, akakushika, akakutemea baraka kifuani, akakurudisha mgongoni kwangu, halafu akauliza, "Na kiondo changu?"

Nikakitoa. Nusu kiondo, zile nyuzi za kusimama zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeota ndoto mbaya. Akakipokea kwa mikono miwili. Akaenda kwenye ungo akachota mawele akamimina ndani, akainua. Mawele yakamwagika pande zote, maana kisicho na mdomo hakina cha kushikia. Kuku wakaja mbio. Wanawake waliokuwa uani wakatazama miguu yao.

Susu akaangalia ndani, akaniangalia mimi, akasema, "Asante mwanangu. Umeniletea kiota."

Jamani walicheka! Hata wewe mgongoni ulicheka na ulikuwa hujui kitu. Mimi nikacheka kuliko wote. Nikamwambia, "Mama, ngoja msimu ujao, nitakuletea kiondo mpaka watu wa Mwingi waje kukiona." Nikarudi nacho Makueni nikakitundika. Akawa anauliza kila akituma salamu: kiondo changu kimefika wapi? Najibu: kimefika shingoni. Mwaka mwingine: kimefika wapi? Shingoni. Kiangazi kikuu kikaja, akaugua siku nne, akatuacha. Nilipofika Nuu udongo ulikuwa umeshakauka juu yake.

Walipogawa vitu vyake mimi nilipewa kile kikuukuu. Hicho ninachowekea mayai, ndicho. Nilikaa nacho njia yote ya kurudi nikikigeuza, na hapo mimi fundi wa kuanza nikaona kitu sijawahi kumwambia mtu, hata Kalunde. Kitako chake hakikuwa kile alichoanza nacho. Kilikuwa kimetoboka, kikatiwa kiraka, kikatoboka tena, kikatiwa kingine juu yake. Kitako ndicho kinachoburutwa chini, ndicho kinachonyonya unyevu na kuliwa na mchwa. Lakini mdomo, Ndinda! Ule mdomo aliukunja mwenyewe akiwa msichana, na hakuna hata uzi mmoja uliokuwa umelegea. Siku utakayorudi, ukaushike jikoni. Kwa hivyo ile sifa yangu yote ilikuwa imekaa mahali panapotoboka kwanza.

Sasa nazungusha.

Haya! Nimeingiliwa, na ni lazima nikueleze yote maana nimekaribia kukuharibia siku.

Nilikuwa nimebakisha mizunguko mitano, jua liko pale juu ya mnazi wa watu wa... wacha nisiseme uongo, hatuna mnazi, naanza kujiona tayari niko Mombasa. Liko juu ya mlima. Nikasikia sauti njiani:

"Mama Ndinda! Uko wapi, wewe mwanamke wa majivuno?"

Kalunde. Tumeolewa huku mwaka mmoja, na tangu siku hiyo ni mimi namwanzia viondo, kwa sababu mikono yake haijui kuanza. Lakini ukimpa kitako, anamaliza. Kalunde anamaliza kila kitu. Hata ugomvi, mkigombana naye atarudi kesho kuumaliza. Alikuwa ametoka soko la Emali. Akakaa kwenye gogo, akafungua leso, akatoa uzi.

Zambarau. Mwanangu, zambarau iliyokolea kama wino, inang'aa kama imepakwa mafuta.

"Umeutoa wapi huu?"

"Kwa yule mama wa duka la pembeni. Amesema hautarudi tena. Shika."

"Sishiki."

"Shika mwanamke, hauumi."

"Kalunde, msichana anaenda kesho. Nina mizunguko mitano."

"Nani amekukataza kumaliza? Mimi nataka kitovu tu. Nyuzi nane. Kwa wengine ni kazi, kwako wewe ni kupiga chafya. Mikono kama yako Mungu alitengeneza siku moja akapumzika."

Akanisifu, unaona? Hapo ndipo mimi hufa. Nikasema nishike tu, nijue ulaini. Nikashika. Nikasema nipange nane tu. Nikapanga. Tukaanza kuongea habari ya bei ya mbuzi na ya yule kijana wa kinu aliyetoroka na binti ya nanii, na nilipoangalia chini kitovu kilikuwa upana wa kikombe. Halafu upana wa sosa, kile kisahani cha chai. Kizuri! Nilikuwa nacheka peke yangu.

Baba yako akatoka kwenye matuta na jembe begani. Akasimama.

"Mama Ndinda, hiyo ni nini?"

"Hii? Ni ya Kalunde."

"Na ile?"

Nikageuka. Kiondo cha susu kilikuwa pale nilipokiweka chini, na ndani yake kuku amekaa. Amekaa kabisa, amejikunja, macho nusu, anataka kutaga.

Baba yako alitua jembe chini. Hakucheka hata. Lakini mimi nilimsikia mama yangu akicheka kutoka Nuu, wazi kama nakusikia wewe. *Umeniletea kiota.*

Nikasimama. Nikamfukuza huyo kuku, nikarudi kwenye kile kitako cha zambarau, nikakishika, nikakifumua. Mbele yao. Mara ya kwanza tangu nizaliwe nafumua mwanzo wangu mwenyewe, na haukuwa na kasoro.

"Asi! Unafumua?" Kalunde alipiga kelele utadhani namchinjia mbuzi. "Wewe ni mgonjwa? Hicho ni chako, umekifanya kwa mkono wako, unafumua?"

"Nafumua."

"Baba Ndinda, mshike mke wako!"

Baba yako akasema, "Mwache." Akaenda kuosha miguu.

Wacha nikuambie kwa nini nilikifumua, na hapa ndipo penyewe, hii ndiyo barua, hayo mengine yalikuwa kusafisha koo.

Ulipotoka shule ulienda Machakos kujifunza taipu. Muhula mmoja. Ukaniandikia kwamba vidole vinauma, mashine zina kelele, mwalimu hakupendi. Na mimi nilikuwa nimeshatangaza soko lote la Wote kwamba Ndinda ni karani. Unakumbuka nilikujibu nini? Nilikujibu, "Njoo nyumbani mwanangu, tutatafuta kingine." Ukaja. Baba yako akauliza, "Na kile cha kwanza?" Nikamwambia yeye kazi yake ni kuchimba tu, asituzibie bahati. Tukaanza ushonaji. Nikanunua kitambaa cha kijani mwenyewe, nikatangaza upya, Ndinda ni fundi, leteni nguo. Ulifika kwenye mikono ya gauni. Ukasema mikono inakusumbua. Nikasema, achana nayo mwanangu, kuna habari ya shule ya watoto wadogo wanatafuta mwalimu. Lile gauni la kijani liko kwenye sanduku mpaka leo, lina mkono mmoja.

Watu wanasema Ndinda hakai mahali. Nimewasikia. Mmoja alisema nikiwa hapo hapo nikamjibu maneno ambayo hayaandikwi na mwanamke wa kanisa. Lakini ukweli ni huu: kila uliporudi na sanduku, mimi nilifurahi. Uso wako ulikuwa umeanguka na mimi ndani nilikuwa nachangamka, kwa sababu ulikuwa umeniletea mwanzo mpya. Nilikusuka kama ninavyosuka. Nilikutundika kwenye mapao na hao wengine kumi na saba. Sitaki ukae Mombasa ukidhani una damu ya kuacha. Damu hiyo huna. Ulikuwa na mama anayependa vitovu.

Wameniambia kozi ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza sina wasiwasi, utavaa ile sare, utapiga picha, nitaionyesha mpaka itoboke. Mwaka wa tatu utaona mlango. Ni ule wa pili. Vitanda vile vile, ndoo zile zile, harufu ile ile, na hakuna mtu anayekuangalia. Siku moja hapo katikati utasikia habari ya kitu kizuri zaidi, na kitakuwa kizuri kweli, sitakudanganya ati kitakuwa kibaya. Utachukua kalamu uniandikie.

Usiniandikie mimi. Najijua. Nitakuambia uje.

Mwandikie baba yako. Yule hajui kuanza kitu. Ameanza kitu kimoja maishani, matuta ya hili shamba letu, na kila mwaka anachimba tuta moja mpaka mwisho ndipo ashike la pili, na mimi nimemcheka kwa hilo mbele ya wageni. Mvua kubwa ya mwaka juzi ilipobeba udongo wa majirani wote mpaka mtoni, wetu ulikaa. Sikumpa hata sifa moja. Nilisema ni maombi yangu.

Nazungusha! Jua!

Mizunguko miwili.

Mmoja.

Sasa sikiliza aibu ya mwisho, na hii ukimsimulia mtu nitakana. Nimefika mdomoni. Zile nyuzi za kusimama zimebaki zinachomoza, inatakiwa zikunjwe ndani, kila moja ipite chini ya jirani yake, ibanwe, ikatwe. Nikashika wa kwanza nikaukunja. Ukatoka. Nikakunja tena. Ukatoka. Mara ya mwisho kufunga mdomo wa kiondo ni lini? Sikumbuki. Mimi, wa kwenye picha za Ulaya!

Kalunde alikuwa bado amekaa kwenye gogo, amenuna, uzi wake umerundikana mapajani. Nikakohoa. Nikasema pole pole kama mtu anayekopa chumvi:

"Kalunde. Mdomo hukunjwaje?"

"Umesema?"

"Umenisikia."

"Sikusikia vizuri. Sema na wale wa kisimani wasikie."

"Kalunde!"

Alicheka mpaka leso ikaanguka. Alijipangusa machozi. "Miaka ishirini na moja," akasema, "nimekaa na wewe miaka ishirini na moja nikingoja hilo swali." Nikadhani atakichukua amalize mwenyewe, na ningemwachia, lakini alikataa kukigusa. Alisema mkono wake ni mgumu kuliko wangu, utaonekana, na susu hakuomba kiondo cha Kalunde. Akakaa nyuma yangu, kidevu karibu kwenye bega langu, akawa ananiambia: chini ya huyu, juu ya huyu, vuta, vuta zaidi, unabembeleza nini, si mtoto. Huyu sasa. Huyu. Kuku wakija anawatupia ganda la hindi. Mimi nilikunja kama msichana wa shule, ulimi nje.

Kimeisha.

NDINDA KIMEISHA! Nimeandika kwa herufi kubwa nionekane! Jua bado liko, limebaki kama kipande cha papai, lakini liko! Nimepiga kigelegele, mbwa amekimbia.

Baba yako akatoka ndani na debe la ndengu. Hakuniuliza. Akamimina mpaka juu, akashika mdomo kwa mikono miwili, akainua, akatikisa. Tukangoja sote watatu tukiangalia chini, na kuku pia wakingoja. Haikuanguka hata punje.

Halafu akarudi ndani akakaa kidogo, akatoka na kitu kimekunjwa kwenye gunia. Mkanda wa ngozi, mpana, wa kubebea kiondo. Laini kama sikio la ndama. Nikamwuliza ameununua lini.

"Sikununua. Nilikata mwaka ule ulipokianza. Ulisema ni cha mama."

"Na umeuweka?"

"Naupaka mafuta kila Krismasi," akasema. "Nilijua kuna siku utauliza mkanda."

Mwanangu, nimekaa na mwanamume huyu nikidhani mimi ndiye ninayeongea nyumba hii.

Sasa umetiwa, umefungwa, kiondo kiko tayari. Ukikiangalia utaona kinabadilika: chini rangi ya magome, mkono wa msichana, umekaza sana kwa sababu alikuwa anaonyesha watu. Katikati kuna mahali pamelegea, hapo nilikuwa nakishika mwezi na kukiacha mwaka. Juu nyeusi na bluu, hapo ni wiki hii, mkono wa mama mzee mwenye haraka. Hakilingani. Sikufumua nikilinganishe, ningerudi mwanzo. Kinabeba.

Ndani, chini kabisa, chini ya zile ndengu na sabuni na yale mayai nimechemsha, kuna furushi limefungwa kwa gazeti. Ni ule uzi wa zambarau. Nimemwomba Kalunde, akanung'unika, akanipa, kwa sharti kwamba chake kitakuwa cha kwanza. Ukae nao Mombasa. Mimi siwezi kulala nyumba moja na uzi huo, nitaamka na kitako mkononi. Wewe usiufungue, usijaribu hata nyuzi nane. Utarudi nao siku utakayorudi na cheti chako, tuketi hapa nyuma ya jikoni, wewe, mimi na Kalunde, nikuonyeshe kitovu kinavyopangwa na yeye akuonyeshe mdomo.

Na mimi hapa sikai bure. Vimebaki kumi na sita kwenye mapao. Kesho gari lako likishapita napanda juu ya pipa nateremsha cha karibu, na Kalunde ameapa atakuja kila Alhamisi kunikagua kama mwalimu. Kumi na sita kwa miaka mitatu, na wewe kozi moja tu kwa miaka mitatu. Nimeshawatangazia watu wa kisimani kwamba nitakushinda. Wengi wako upande wako.

Naisikia kwaya inapanda mlima, wanakuleta wakiimba, na sauti yako iko juu ya zote kama yangu. Naificha hii barua chini ya uzi. Utaifikia ukifika.

Haya, mbio zimeanza. Tuone nani atafika mdomoni kwanza.

Ni mimi mama yako,
bingwa wa kuanza wa Makueni yote,
na tangu leo jioni, mwanafunzi wa Kalunde